Meno ya Mjomba Okal

Nilisikia kwamba ile ngozi ya watoto inauzwa. Kwamba manesi wakishamtahiri mtoto wanaiweka kwenye boksi la barafu, jioni linakuja gari jeupe kulichukua, na huko linakopelekwa wanatengeneza mafuta ya kupaka usoni ya kinamama matajiri. Aliyeniambia ni jirani yangu Evelina, tukiwa tunaanua nguo. Yeye aliambiwa na mtu wa Usagara, ambaye shemeji yake aliliona gari kwa macho yake. Nilicheka. Halafu nikaingia ndani, nikamkuta mwanangu Chenge, wiki saba tangu azaliwe, amelala mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi, na kicheko kikaniishia.

Naandika haya kwa kinamama wenye watoto wachanga wa kiume, hasa sisi tunaotoka kwenye makabila ambayo zamani hayakutahiri. Sisemi mtahiri, wala sisemi msitahiri. Naeleza jinsi nilivyokaribia kumpoteza mwanangu, na jambo lenyewe halikuwa na uhusiano wowote na gari jeupe.

Mimi ni Mjaluo wa Rorya, kule Mara, kwetu ni ziwani kabisa. Mume wangu Kashindye ni Msukuma wa Misungwi. Tunakaa Butimba, hapa Mwanza. Yeye anachomelea mageti na madirisha karibu na stendi ya Nyegezi, mimi nashona sare za shule kwenye duka la mama Zahabia mjini. Kwao na kwetu, kote kuwili, mababu hawakutahiriwa. Siku hizi vijana wengi wamekwenda, na Kashindye naye alikwenda, ila alikwenda amechelewa.

Alikuwa na miaka ishirini na sita. Watu wa kampeni ya tohara walipiga hema kwenye uwanja wa shule ya msingi kijijini kwao, na foleni yote ilikuwa ya watoto wa darasa la nne na la tano. Katikati yao akasimama Kashindye na ndevu zake. Mtoto wa mbele yake akageuka, akamwangalia juu mpaka chini, akasema, "Shikamoo. Umemleta nani?" Baada ya hapo alivaa kitenge cha dada yake wiki mbili, na wateja wakija anawaambia nyonga inamsumbua. Hadithi hii anaisimulia mwenyewe, na watu wanacheka mpaka wanashika mbavu, lakini mimi najua kwamba yeye hakucheka siku ile.

"Mwanangu hatasimama kwenye foleni kama ile," aliniambia. "Amalizane nalo sasa hivi, hata hatakumbuka."

Mama Zahabia naye alikuwa upande wake. Wao ni Wahindi Waislamu, wako Mwanza tangu enzi za babu yake, na kwao mtoto wa kiume anatahiriwa akiwa mchanga, hakuna kikao.

"Wangu watatu wote," alisema huku anapima kitambaa cha bluu. "Shiraz alilia zaidi siku ya kunyolewa nywele. Unaogopa nini, mama Chenge?"

"Naogopa tu."

"Unaogopa tu. Basi shona tu."

Jumatatu nikaenda zahanati, ile tunakopeleka watoto kupimwa uzito. Hapo wanatahiri watoto wachanga kabla hawajatimiza siku sitini. Chenge alikuwa na siku hamsini na moja, kwa hiyo muda ulikuwa unakwisha. Nesi aliyetupokea anaitwa Sabina, mama wa makamo, ana sauti ya mwalimu. Nilikaa mbele ya meza yake na lile boksi la barafu kichwani mwangu.

"Nesi, samahani. Ile ngozi mkishaikata, inakwenda wapi?"

Aliweka kalamu chini. "Umesikia habari za gari jeupe?"

"Nimesikia."

"Mwezi huu wewe ni wa nne. Wa kwanza aliambiwa ni gari jekundu."

Akanichukua nyuma ya jengo, akanionyesha shimo lenye mfuniko wa zege. "Inaingia humu, pamoja na kondo la nyuma la kila mama anayejifungulia hapa. Kama unataka kuuza, fungua uchukue."

Nilicheka kwa aibu. Na hiyo aibu ndiyo iliyotaka kuniponza. Tuliporudi mezani nilikuwa sitaki tena kuonekana mama mwoga wa maneno ya mtaani. Nesi Sabina akachukua fomu, akaanza kuuliza, na mimi nikajibu haraka kama mtu aliyesoma majibu jana yake. Mtoto ananyonya? Ananyonya. Ana homa? Hana. Alipata manjano? Hakupata.

"Kuna mwanamume kwenye ukoo, kwako au kwa baba yake, aliyetahiriwa akatokwa na damu nyingi isiyokoma?"

"Hapana."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Na kweli nilikuwa na uhakika. Akaandika hapana, akatupangia Alhamisi, saa tatu asubuhi. Nilitoka pale mwepesi. Nikapita sokoni nikanunua mahindi mabichi ya kuchoma, nikampigia Kashindye kumwambia mambo yameiva.

Kesho yake, Jumanne, akaja mjomba Okal. Huyu ni mdogo wake mama yangu, wamefuatana, ana miaka kama sitini na saba hivi. Alikuwa amekuja Mwanza kutafuta miwani, na alitaka kumwona mtoto. Alasiri tukakaa nje, mimi nanyonyesha, jiko la mkaa katikati, Kashindye anageuza mahindi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mkwe. Bado unaunganisha vyuma vya watu?"

"Bado, mjomba. Pole, haya mahindi yamekomaa sana."

"Pole wape wasio na meno," mjomba akasema, akalishika hindi kwa mikono miwili akaanza kulikwangua.

Hapo inabidi nieleze kidogo. Wajaluo wa zamani hawakukata kule chini, ila kijana alipokua aling'olewa meno sita ya mbele, ya chini, kwa kisu, na akishapita hapo anahesabiwa mtu mzima. Mambo hayo yameachwa siku nyingi. Lakini wazee wa rika la mjomba Okal, ukiwakuta wamecheka, utaona pengo. Mjomba meno anayo yote. Kwetu walikuwa wanamtania kwa hilo tangu mimi mtoto, wanamwita "kijana", na kwenye vikao wanamwambia akae na vijana wenzake. Tulidhani alikimbia kisu. Yeye mwenyewe aliacha tudhani hivyo.

Kashindye alimwangalia anavyotafuna, akashindwa kuvumilia.

"Mjomba, samahani, niulize. Wale wazee waliokuja kwenye harusi yetu, wote chini hawana meno. Wewe ulikimbilia wapi?"

"Unataka kujua mbio zangu?"

"Nataka kujua ulipojificha. Naweza nikapahitaji."

Mjomba akacheka mpaka akaweka hindi chini. Halafu akajifuta mdomo.

"Sikukimbia, mkwe. Baba ndiye aliyenikatalia. Nilikuwa na kaka, anaitwa Otuoma. Aling'olewa akiwa na miaka kumi na mitatu. Walikuwa sita siku ile, kisu kimoja, mng'oaji mmoja. Wenzake watano mpaka jioni wanakunywa uji. Otuoma damu haikukata. Wakamwekea majivu, wakamtafunisha majani, wakamlaza kichwa juu. Siku ya pili ikatoka. Siku ya tatu ikatoka. Siku ya nne asubuhi akawa mweupe midomo, hakuamka tena. Baba akasema kisu hakitaingia tena nyumbani kwake. Na mpaka leo, ukoo wa yule mng'oaji na sisi hatuzikani, kwa sababu baba alisema walimroga."

Mimi ni mtoto wa dada yake Otuoma, wa baba mmoja na mama mmoja, na jina hilo nilikuwa sijawahi kulisikia. Nilimtoa Chenge kwenye ziwa bila kujua, akaanza kulia.

Ndipo nikalisikia tena lile swali la nesi. Aliuliza kama kuna aliyetahiriwa akatokwa na damu. Kwetu hakuna aliyetahiriwa hata mmoja, si babu, si baba, si wajomba. Sasa nani angetokwa na damu? Nilijibu ukweli mtupu, na ukweli huo ulikuwa unampeleka mwanangu chini ya mkasi.

"Kashindye," nikasema, "Alhamisi hatuendi."

"Kwa sababu ya meno?"

"Kwa sababu ya damu."

"Mama Chenge, ile ilikuwa miaka ya sitini, kisu cha kutu. Huyu anakwenda kwa nesi mwenye glovu."

"Wenzake watano walikatwa na kutu ile ile. Mbona walikunywa uji?"

Akakwepa kwa hoja nyingine. "Halafu Otuoma ni wa ukoo wenu. Chenge ni mtoto wangu. Ni Msukuma."

Mjomba Okal akaingilia taratibu. "Ukoo ni wako, mkwe, hapo hatubishani. Lakini tumboni alikaa kwa nani?"

Kashindye akageuza mahindi ambayo hayakuwa yanahitaji kugeuzwa. Mimi nikaenda ndani nikampigia mama yangu kule Rorya.

"Mama, Otuoma ni nani?"

Nikasikia anafunga mlango. Sauti ikarudi chini chini.

"Nani kakutajia jina hilo?"

"Mjomba Okal, yuko hapa."

"Kumbe huyo walitakiwa wamng'oe ulimi."

"Mama, Alhamisi tulikuwa tumpeleke Chenge kutahiriwa. Niambie."

Aliniambia kwa kujilazimisha. Alisema mtoto aliyekufa vile hatajwi kwenye nyumba yenye mtoto mchanga, ndiyo maana hakuwahi kutaja, na sisi tumezaliwa watoto sita, nyumba ilikuwa haikosi mchanga. Halafu akasema jingine ambalo hata mjomba hakulijua vizuri. Kaka yake bibi, yaani mjomba wa mama, alikuwa akigongwa kidogo tu magoti yanavimba kama vibuyu, akatembelea fimbo tangu ujana wake. Naye walisema amerogwa.

"Na wote ni upande wa bibi?" nikauliza.

"Wote wa upande wa bibi yako. Akumu, mtoto usimguse." Akumu ndilo jina langu la nyumbani.

Jumatano asubuhi Kashindye alikwenda kazini bado ana uso wa kubisha. Aliniambia, "Nenda kaulize, lakini wakisema ni sawa, Alhamisi iko pale pale." Nikakubali. Sitaficha, njiani niliona aibu kubwa. Jumatatu nilikuja na gari jeupe, Jumatano nakuja na meno ya wazee wa Kijaluo. Nilipofika mlangoni nilitaka kurudi. Chenge alipiga chafya, nesi Sabina akainua macho, ikawa siwezi tena kuondoka.

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Nilisubiri acheke. Hakucheka. Aliniambia nikae, akavuta fomu yangu kwenye faili.

"Huyo Otuoma na mama yako, ni mama mmoja?"

"Mmoja."

"Na mwenye magoti ni kaka wa bibi mzaa mama?"

"Ndiyo."

"Mtoto alipochomwa sindano za wiki sita, paja lilikuwaje?"

Hapo nikakumbuka. Paja lilivimba, likafanya bonge la bluu siku nyingi, na mimi nikawa nalikanda na kitambaa cha maji ya vuguvugu, maana kila mtu aliniambia sindano ndivyo zilivyo. Nesi Sabina akamvua Chenge, akalishika paja. Bado palikuwa na rangi ya kijani kijani, kama embe linaloanza kuiva, na chini yake kitu kigumu.

Akachukua rula, akapiga mstari kwenye Alhamisi yetu. Akaandika barua ya kwenda hospitali ya rufaa. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo namheshimu kwalo: "Na mimi nimeuliza vibaya. Hapa nusu ya mababu hawakutahiriwa, halafu nauliza kana kwamba niko Tanga, wanakotahiri wote. Kuanzia leo nitauliza na meno."

Hospitali walimtoa damu kidogo mkononi, na yule dada aliyemtoa alibana pamba pale kwa dakika thelathini, akiangalia saa. Majibu yalichukua siku tisa. Siku ya majibu Kashindye alifunga karakana, akaja na mimi, amevaa shati la kanisani. Daktari alikuwa kijana, anaongea polepole. Alisema damu ya Chenge inapungukiwa kitu cha kuigandisha, ugonjwa unaitwa himofilia, na kwamba mara nyingi mama ndiye anayeubeba bila kuumwa, halafu mtoto wa kiume ndiye anayeumwa. Si kila mtoto wa kiume anaupata, ndiyo maana mjomba Okal anakula mahindi mpaka leo. Na hakuna aliyemroga mtu.

Kashindye akauliza, "Kama tungemkata ile Alhamisi?"

"Tungeonana hapa Ijumaa," daktari akasema. "Sijui mngemleta katika hali gani."

"Kwa hiyo asikatwe kabisa?"

"Sasa hivi hapana. Akiwa mkubwa akitaka, inawezekana, lakini hapa hapa hospitali, na dawa yake ya kugandisha damu ikiwa mezani kabla ya mkasi. Asipotaka, ataishi tu."

Tulitoka, tukakaa kwenye benchi la nje. Mume wangu alimchukua mtoto mikononi mwangu, akamweka kifuani. Mimi nilitegemea maneno kuhusu ukoo wangu. Badala yake akasema, "Lile geti letu lina kona kali." Jioni hiyo alisaga kona za geti mpaka zikawa mviringo. Jumamosi akaleta matairi mabovu, akakata mpira, akafunika kingo za meza, miguu ya kitanda na ngazi ya mlangoni. Nyumba yetu sasa inafanana na gereji, na mimi sijawahi kupenda nyumba kama hii.

Mama Zahabia nilipomwambia aliketi chini, akanishika mkono, akaniomba radhi kwa kunishawishi bila kuuliza kwetu kukoje. Nikamwambia yeye hakuwa na kosa, kwao wanajua nani alitokwa na damu kwa kuwa wanatahiri kila kizazi. Wiki iliyofuata akaniletea sponji. Nimeishonea magotini kwenye kila suruali ya Chenge, kwa kitambaa cha sare kilichobaki, na sasa watoto wa Evelina nao wanataka suruali za magoti mazito.

Chenge ana mwaka na miezi minne. Anatembea, anaanguka, anasimama, anacheka. Mara mbili amepata uvimbe, tukakimbia hospitali, akapewa dawa, tukarudi. Mjomba Okal amekwenda, yeye mwenyewe na fimbo yake, kwenye ukoo wa yule mng'oaji, kuwaambia kwamba hawakumroga Otuoma. Mama anasema walimchinjia kuku. Mimi nalala vizuri. Watu wakiniuliza kama mtoto ametahiriwa, nasema bado, na wakitaka kujua kwa nini, nawaambia wakae kwanza.

Basi, mama mwenzangu, kabla hujafikisha mtoto mezani kwa nesi, epuka haya:

– Epuka kupanga siku ya kutahiri kabla hujamuuliza mama yako, na bibi yako mzaa mama kama yupo, ni nani kwao aliyewahi kutokwa na damu isiyokoma.

– Epuka kudhani kuwa mtoto ni wa ukoo wa baba tu. Kwa ugonjwa huu, anza kuuliza kwa wajomba.

– Epuka kujibu "hapana" kama kwenu hawatahiri. Sema kwenu hawatahiri. Kisha sema walifanya nini: kama waling'oa meno, walichanja, walitoga masikio, na nani alipata shida.

– Epuka kupuuza kitovu kilichovuja damu siku nyingi, paja lililovimba muda mrefu baada ya sindano, au alama za bluu usizojua zimetoka wapi.

– Epuka mtu anayepita nyumba kwa nyumba na begi lake akitahiri watoto, hata kama amevaa koti jeupe.

– Epuka kusema "alirogwa" ukaishia hapo. Uliza alikuwa anaumwaje.

– Epuka kubishana na mumeo mbele ya nesi. Bishaneni nyumbani mpaka mmalize, ndipo mwende.

– Epuka kuona aibu kurudi siku ya pili na kusema, "Juzi nilijibu vibaya."